Kinyongo cha Nta

Jumatatu, 17 Machi 1952. Same.

Fundi Athumani amenipa daftari hili niandikie namba za kondensa. Kurasa za mbele ni za kazi: namba, uzito, imeshika dakika ngapi. Bwana, Mzungu mkuu wa kazi, anazisoma kila Ijumaa. Kuhusu kurasa za nyuma hakuna aliyesema neno, kwa hiyo nimeligeuza daftari kichwa chini na kuanzia huku. Mbele ni kwa kampuni, huku ni kwangu. Tutakutana katikati, karatasi ikitutosha.

Nieleze kazi yenyewe, maana hata mama yangu mzazi anadhani ninasokota sigara. Kampuni inachonga barabara kutoka njia kuu kupanda Chome. Imefika kwenye jabali, imekwama. Jabali hupasuliwa kwa baruti, baruti huamshwa na fataki, fataki huamshwa na umeme, na umeme hutoka kwenye sanduku lenye kondensa ndani. Kondensa ni kama mtungi. Unazungusha mkono wa sanduku, umeme unajaa na kutulia humo. Ukiunganisha waya, unamwagika wote kwa mkupuo mmoja.

Ya Ulaya iliharibiwa na ukungu wa mlimani. Nyingine iko melini. Meli iko wapi, hilo ni la Mungu. Ndipo Fundi Athumani, aliyejifunzia redio vitani Burma, akasema, "Tutazitengeneza wenyewe." Bwana akatazama saa yake, halafu akamwuliza Fundi ni saa ngapi. Ndivyo alivyo. Sisi tunamwita Bwana Saa-Ngapi.

Jumatano, 19 Machi

Karakana iko nyuma ya stesheni. Ukutani kuna picha ya Mfalme, ambaye amekufa tangu Februari lakini hajapata wa kumpokea zamu. Chini yake tuko watatu: Fundi, mimi, na Zaituni wa Hedaru, ambaye mdomo wake hauna Ijumaa wala Jumapili.

Zaituni anakata karatasi. Karatasi inaokwa ndani ya debe juu ya makaa mpaka mizani ya barua iseme haipungui tena. Maji yakibaki ndani yake, umeme unavuja. Halafu mimi nasokota kwenye kijiti: karatasi mbili, kipande cha bati laini linalotandikwa ndani ya masanduku ya chai, karatasi mbili tena, bati tena. Fundi anaizamisha kwenye nta ya moto na kuiacha humo mpaka isitoe hata povu moja.

"Povu ni hewa," anasema, "na hewa ya masika ni maji yaliyojificha."

Zinafungwa kumi na mbili pamoja kwa sanduku moja. Tunavaa vifuko vya vidole nilivyoshona kwa kitambaa cha godoro, kwa sababu jasho lina chumvi, na umeme hupita penye chumvi.

"Mama Anaeli," Zaituni akaniambia, "hata mume wangu sijawahi kumshika kwa adabu hii."

"Labda ndiyo maana anavuja."

Fundi akakohoa. Hajui kucheka kazini.

Jumamosi, 22 Machi

Kaka Filemoni ameshuka kuchukua kondensa. Yeye ndiye anayetia fataki kwenye matundu ya jabali. Amechaguliwa kwa mikono yake, haitetemeki. Ndiye pia anayeandika barua za ukoo wetu wote, kwa herufi ambazo utadhani zimepigwa chapa.

Nikasema, "Shikamoo, kaka."

Akamwambia Fundi, "Ziko ngapi leo?"

Hii ni tangu Agosti. Mume wangu alipofariki, kikao cha ukoo kiliamua nibaki Chome kwenye boma la marehemu nisubiri wanipangie wa kunirithi. Sikusubiri. Nikampeleka Anaeli kwa bibi yake, nikateremka Same na furushi moja la nguo. Filemoni akasema mbele ya kikao, "Mimi sina dada Same." Ni mtu wa kauli moja. Tangu siku hiyo nimempa shikamoo zaidi ya ishirini na hajanirudishia marahaba hata moja.

Amezifunga kondensa zangu kwenye blanketi, akaondoka amezikumbatia kama mayai. Mimi hanijui, ila kazi ya mikono yangu anaibeba kifuani.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua ya kwanza. Same hupewa mvua kama mgeni anavyopewa chai kwa bahili: kidogo, na anatazamwa usoni aseme asante. Juu milimani ni giza tupu.

Ijumaa, 28 Machi

Mishumaa ya kuyeyusha imekwisha katika maduka yote mpaka Hedaru. Tumeletewa nta ya nyuki kutoka Chome, mikate mikubwa ya njano yenye miguu ya nyuki ndani. Tumeichemsha mara tatu kwa maji ya mvua, tukaichuja kwa kanga ya Zaituni, ambayo sasa inasimama yenyewe bila mtu ndani.

Namba 19 ndiyo ya kwanza ya nta ya nyuki. Imeshika dakika arobaini. Za mishumaa hazikuwahi kupita ishirini na tano. Bwana Saa-Ngapi akasoma kurasa za mbele na kusema, "Vizuri sana, mama."

Nimeandika sentensi hiyo hapa ili niisome siku mbaya.

Jumatano, 2 Aprili

Namba 22 imeniuma.

Niliijaza, nikaipima, nikaimwaga kwa kijiko kama kawaida. Kijiko kinagusa ncha zote mbili, cheche inaruka, basi, mtungi mtupu. Nikaandika mbele: imemwagwa. Nikaenda kunywa uji. Niliporudi nikaishika kwa mikono miwili kuiweka sandukuni, ikaniuma mpaka kwenye kiwiko.

Zaituni alicheka hadi akakaa chini. "Imekuona unakunywa uji peke yako!"

"Uliimwaga nusu," Fundi alisema.

Sikuimwaga nusu.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimechunguza kimyakimya kwa siku tatu. Namwaga kwa kijiko mara tatu, mpaka hakuna cheche kabisa. Halafu naiacha na kutazama saa ya stesheni. Baada ya dakika tano inauma kama siafu mdogo. Baada ya robo saa inatoa cheche unayoiona ukiifunika kwa kitambaa. Hakuna aliyeijaza upya. Umeme unatoka wenyewe humo ndani ya nta ulikojificha.

Za mishumaa nazo hufanya hivyo, ila kwa uvivu. Nta ya nyuki ndiyo yenye kinyongo. Unaichukulia kila kitu mbele ya mashahidi, inakaa kimya, nawe ukigeuka inakumbuka. Najua watu wa namna hiyo. Mmoja tumenyonya ziwa moja.

Mbele ya daftari sijaandika. Mbele kuna safu tatu, na hakuna safu ya kinyongo.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemwambia.

"Fundi, hizi za nta ya nyuki zinarudisha umeme baada ya kumwagwa."

Hakuinua macho kutoka kwenye sufuria. "Kiasi gani?"

"Cheche ndogo."

"Fataki huamshwa na cheche ndogo," akasema, kisha akajisikia alichosema. Akaweka mwiko chini. "Nitaliangalia, Mama Anaeli."

"Na Bwana je?"

"Bwana akisikia neno hatari, kesho asubuhi karakana imefungwa. Mimi nitarudi Hedaru kufufua taa za karabai. Wewe utarudi Chome." Akanitazama. "Unataka kurudi Chome?"

Swali zuri. Nikavaa vifuko vyangu vya vidole, nikasokota namba 25, na ilikuwa nzuri kuliko zote.

Naandika haya huku nyuma ili siku moja nisije nikasema sikujua.

Jumapili, 13 Aprili. Pasaka.

Nimepanda Chome kumwona Anaeli. Ameota jino la mbele na maneno ya bibi yake. Kanisani nilimpa kaka shikamoo mbele ya watu. Akaimba kwa nguvu zaidi.

Jumamosi, 19 Aprili

Jabali limepigwa mara ya kwanza kwa sanduku letu. Nyapara Eliufoo ameshuka kutusimulia, mkono mmoja ukiwa jiwe na mwingine ukiwa jabali. Fundi alimsikiliza kama mtu anayesikiliza sifa za mwanawe. Jioni alitununulia mandazi. Kwa Fundi hiyo ni sherehe.

Jumatano, 23 Aprili

Kule juu mvua inameza sauti ya filimbi, kwa hiyo Bwana ameazima baragumu la mzee mmoja wa Chome. Kijana wa kampuni analipiga kwa milio mifupi mifupi kabla ya mlipuko, watu wakae mbali. Mimi ni mtu wa Chome. Kwetu baragumu halijawahi kumwambia mtu akae mbali. Likilia ni msaragambo: kila nyumba inatoa mtu na jembe, mnakimbilia kwenye kazi ya wote. Nilimwambia Eliufoo. Akasema kijana analipiga kwa milio mifupi, na watu wameambiwa.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Karatasi inaokwa mara mbili. Zaituni anasema hata ulimi wake umeota ukungu. Hakuna dalili.

Jumamosi, 3 Mei

Nimemwuliza Fundi kama ameliangalia lile jambo. Akasema, "Lipi?" Zamani nilimwona mtu huyu mrefu. Leo nimegundua anasimama juu ya ubao.

Kaka kachukua kumi na mbili nyingine, zote za nta ya nyuki. Nilifungua mdomo, nikatoa shikamoo. Lingine likabaki ndani. Kwa kuwa hanijibu, nilijiambia, hata nikimwambia hatasikia. Ni sababu nzuri. Nimeipima mara kadhaa tangu mchana na bado inashika.

Jumanne, 13 Mei

Dereva wa lori kaleta habari stesheni. Mlipuko mbaya jana kule Chome, mtu mmoja, mtia fataki. Hajui jina.

Mtia fataki yuko mmoja.

Alhamisi, 15 Mei. Gonja.

Nimefika jana kwa lori la mahindi kupitia Kisiwani. Kaka yuko hai. Mkono wa kulia hauna dole gumba wala vidole viwili vinavyofuata. Walimvusha mlima kwa machela siku nzima ndani ya mvua, kwa sababu barabara ambayo angeshukia ndiyo hiyo alikuwa anaichonga.

Eliufoo yuko hapa. Alibeba machela zamu tatu na bega limevimba. Nimemkalisha kwenye ngazi ya hospitali, nikamwambia anieleze polepole.

"Jumatatu yule kijana wa baragumu alikuwa na homa," akasema. "Tukamwomba mzee mwenyewe apige. Mzee akapiga."

"Alipigaje?"

"Alivyozoea tangu ujana wake. Mlio mrefu."

Sikuhitaji kuambiwa yaliyofuata. Chome nzima ilisikia msaragambo. Wakatoka mashambani, akina mama na watoto mgongoni, majembe begani, wakakimbilia jabalini kusaidia. Waliona fahari. Walidhani hatimaye barabara inawahitaji.

Sanduku lilikuwa limeshajazwa. Sanduku letu halina kitufe, kilikufa pamoja na kondensa ya Ulaya. Waya mmoja unafungwa kwenye skrubu, wa pili Eliufoo huugusisha kwa mkono kwenye skrubu ya pili. Alipoona watu, hakuugusisha. Alichukua bisibisi akalimwaga sanduku, cheche ikaruka, akagusa tena, kimya. Akalaza ule waya wa pili kando ya sanduku, akaenda kupigana na umati kwa maneno. Hawakuondoka. Mzee mmoja alimwuliza, "Mwanangu, msaragambo unaufukuzaje?"

Filemoni aliona watu wamezunguka matundu yenye baruti. Akapanda peke yake kuzitoa fataki, moja baada ya nyingine, aziweke mbali na baruti. Tano alizitoa salama. Ya sita alikuwa nayo mkononi, bado ina waya, wakati mama mmoja aliyekuwa akirudi nyuma alipolikanyaga sanduku. Waya wa pili ukalala juu ya skrubu yake.

"Lakini nililimwaga, Mama Anaeli," Eliufoo akasema. Mtu mzima, analia kama anayeshtakiwa. "Nililimwaga! Wanasema sikulimwaga. Hata mimi sasa sijui."

"Ulilimwaga," nikamwambia.

Akanitazama kunishukuru. Ningeweza kuvumilia kofi kuliko mtazamo ule.

Fataki ile ingelia ndani ya tundu, leo tungekuwa tunahesabu watu na si vidole.

Nikaingia wodini. "Shikamoo, kaka."

Kimya. Muuguzi akapita na beseni, akasema, "Anasikia, mama. Masikio hayakuumia."

Nikakaa, nikamwambia yote. Namba 22, uji, kijiko, robo saa. Nilivyomwambia Fundi na nilivyonyamaza. Kwamba tarehe tatu Mei alisimama mbele yangu na neno lilikuwa mdomoni. Sikusema kwamba Chome niliiogopa kuliko cheche. Yeye anajua kusoma.

Halafu akasema maneno yake ya kwanza kwangu tangu Agosti:

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu tarehe mbili Aprili."

Akageukia ukutani.

Alhamisi, 22 Mei. Gonja.

Karani wa kampuni amekuja na viatu vya ngozi na maelezo yaliyokwisha kuandikwa. Alimsomea kaka kitandani: kwamba Filemoni alikaribia jabali bila amri, kwamba sanduku halikuwa limemwagwa, kwamba ajali imetokana na uzembe wa hao wawili.

"Weka dole gumba hapa," akasema, akafungua kidau cha wino.

Kaka akainua bonge la bendeji. "Lipi?"

Karani alitazama bonge, akatazama wino. "La kushoto basi."

"Mimi huandika jina langu," kaka akasema. "Sijawahi kuweka dole. Huu wa kushoto ndio kwanza naupeleka shule. Njoo mwezi ujao."

Karani akafunga kidau. Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka mshono ukamuuma.

Mimi sikucheka. Kaka alikuwa anajua kwa nini sanduku lile lililia. Angemwambia karani neno moja, dada yake na Fundi wangebeba mzigo badala yake. Hakulisema. Wala hakunitazama.

Jumatano, 28 Mei. Same.

Nimerudi. Karakana imesimama mpaka aje mkaguzi wa baruti kutoka Dar es Salaam. Ramadhani imeingia. Fundi amefunga, midomo imemkauka, na leo alinifuata hadi kwenye bomba la maji.

"Zaituni kaniambia unaandika nyuma ya daftari."

"Ndiyo, Fundi."

"Umeandika lile?"

"Tarehe mbili, tarehe tano, na tarehe saba."

Fundi Athumani ambaye vita haikumpinda alikuwa anakunjakunja ukosi wa shati kama mtoto wa madrasa.

"Hakuna anayejua kurasa hizo zipo," akasema. "Ni karatasi mbili tu. Nina watoto watano, Mama Anaeli. Sikuamrishi. Nakuomba."

Angeniamrisha ingekuwa rahisi.

Nimerudi chumbani, nimekaa na mkasi. Nimeishika karatasi ya tarehe mbili kati ya vidole viwili. Ni karatasi nzito ya bei nafuu, haifai hata kwa kondensa. Nikiikata, Fundi anabaki, karakana inafunguliwa, nami nabaki Same. Eliufoo anakwenda mbele ya hakimu, asijue tena kama alilimwaga au la. Na kaka anafundisha mkono wa kushoto kuandika uongo.

Mkasi nimemrudishia Zaituni. Aliupokea, akanitazama usoni, akauficha chini ya kanga.

Jumanne, 3 Juni

Leo nitaandika kirefu.

Mkaguzi ni Mzungu mwembamba mwenye Kiswahili cha pwani. Aliweka meza katikati ya karakana, chini ya Mfalme. Karani alianza. Akasema jambo liko wazi: sanduku lililomwagwa halilipui, hili lililipua, basi halikumwagwa. Eliufoo aliulizwa, akasema alilimwaga, kwa sauti ya mtu asiyejiamini.

Bwana Saa-Ngapi akatoa kijitabu mfukoni. Sisi tulidhani huwa anauliza saa kwa upungufu wa akili. Kumbe anailinganisha yake na za wengine, na kila kinachotokea kazini anakiandikia saa yake.

Akasoma: "Saa nne na dakika kumi, baragumu. Saa nne na dakika kumi na moja, Eliufoo amemwaga sanduku, nimeona cheche. Saa nne na dakika ishirini na saba, mlipuko."

Mkaguzi akaweka kalamu chini. "Kitu kilichomwagwa mbele yako, baada ya dakika kumi na sita kinalipuaje?"

Bwana akasema hajui. Ni mara ya kwanza nimemsikia Mzungu akisema hivyo bila kukasirika.

Nikasimama. Nilikuwa nimelishika daftari kwa kurasa za mbele, kwa mazoea. Nikaligeuza kichwa chini. Kabla sijafungua mdomo, Fundi alisimama upande wa pili wa meza, mkavu wa saumu, mikono pembeni kama askari.

"Aliniambia, Bwana," akasema. "Tarehe saba Aprili. Mimi ndiye niliyemnyamazisha. Mwenye kujua kazi hapa ni mimi."

Ndipo nikasoma. Siafu, uji, kinyongo, yote. Sikuruka hata pale ninaposema Fundi anasimama juu ya ubao. Alisikiliza akiwa wima.

"Na baada ya kumwambia," mkaguzi akaniuliza, "uliendelea kuzitengeneza?"

"Ndiyo, Bwana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu zilikuwa nzuri."

Hakuandika hilo. Akaomba aoneshwe. Nikaleta namba 22, niliyokuwa nimeiweka kando, nikaijaza, nikaimwaga kwa kijiko mara tatu mbele yao, nikaiweka mezani. Tukangoja. Sijawahi kuona Wazungu wawili, karani mmoja na nyapara wakikitazama kijiko kwa heshima namna ile. Treni ya Tanga ikaja, ikaondoka. Robo saa ilipotimia nikafunika kwa kitambaa, nikagusa.

Cheche.

Eliufoo akatoa sauti, si neno. Akaketi sakafuni na kujifunika uso.

Ijumaa, 6 Juni

Maamuzi yamefika. Maelezo ya karani hayahitaji tena dole la mtu. Karakana inaendelea, kwa amri mpya: kila kondensa itoke ikiwa imefungwa waya mfupi kati ya ncha zake mbili, usiku na mchana, ili isipate kukusanya kinyongo. Waya huo utafunguliwa jabalini tu. Kila sanduku likimwagwa nyaya zake zing'olewe. Na baragumu limerudishwa kwa mwenyewe.

Fundi ameondolewa. Kondensa niachiwe mimi.

Alikusanya vyombo vyake kwenye kikapu. Nilisema, "Fundi, nisamehe."

"Ile namba 25," akasema, "uliisokota vizuri sana." Akaenda zake kungoja lori la Hedaru, juani, hana hata la kumeza.

Zaituni hanisemeshi. Fundi ni mtu wa kwao, na ndiye aliyempa kazi. Siku tatu za kimya chake zimenichosha kuliko miezi mitatu ya maneno yake.

Jumatatu, 9 Juni

Meli imekumbuka. Kondensa ya Ulaya imefika, na hii si ya karatasi wala nta. Bwana kafungua moja iliyovunjika tuone: ndani kuna utando mwangavu kama ule wa ndani ya ganda la yai, umesokotwa pamoja na bati. Anasema umepikwa viwandani, ni plastiki, haunywi maji.

Walipoondoka niliijaza nzima, nikaimwaga, nikangoja robo saa. Kidogo sana, chini ya siafu. Lakini ipo. Hata ya Ulaya ina kinyongo, ila imefundishwa adabu.

Nimeifunga waya. Nimeandika mbele ya daftari, kwenye safu ya nne niliyoichora mwenyewe.

Zaituni alikuwa anatazama. "Mama Anaeli," akasema, "na huyu Mfalme ukutani, umempima?"

Nimeshukuru Mungu.

Jumamosi, 14 Juni

Mvua zimekwisha. Kaka ameruhusiwa, amepitia Same akielekea nyumbani. Alisimama mlangoni pa karakana, mkono umefungwa kifuani, kikapu kwenye ule wa kushoto. Amekonda.

"Shikamoo, kaka."

Akaingia, akaketi kwenye kiti cha Fundi. Mezani ilikuwepo namba 41, ya nta yetu, nimetoka kuimwaga, sijaifunga waya bado.

"Imemwagwa?" akauliza.

"Imemwagwa."

Hakuigusa. Nami sikuigusa. Zaituni alipoona hivyo akaacha kukata, akajifanya ana shughuli nje. Tukakaa, tukaitazama, na saa ya stesheni ikatembea. Nilitaka kumwambia habari za jino la Anaeli. Yeye alipumua kama anayepanda mlima.

Ilipofika robo saa nikachukua kijiko, nikagusa ncha zote mbili. Cheche ndogo ikaruka, ya buluu. Nikagusa tena. Kimya. Akausogeza waya kwa mkono wa kushoto. Mimi nikaushikilia upande mmoja, yeye akaukunja upande wa pili, vibaya, akarudia, mpaka ukakaza.

Kisha akanitazama.

"Marahaba," akasema.